Zambarau si ugonjwa, pinki si uzima

"Asalaam aleikum daktari. Mamangu alitolewa kinyama kwenye titi na wiki iliyopita tulikwenda kuchukua majibu, daktari akatugeuzia skrini ya kompyuta akatuonyesha picha kabla hajasema chochote. Mimi nachora hina za maharusi na siku hizi nachora pia michoro ya leso, sasa ile picha ya kwanza, pinki na zambarau, ina vyumba vyeupe kama sega la nyuki na juu kabisa duara moja kubwa jeupe kama mwezi, Mungu anisamehe lakini nilisema maashallah. Na sauti ilitoka. Ndo daktari akasema hii ni saratani. Dadangu mpaka leo hanisemeshi vizuri, asema nina roho ya jiwe. Zile rangi ni za kweli ama zimetiwa na kompyuta kama zile picha za korona? Zambarau ikiwa nyingi ndo ugonjwa umeenea? Manake ya mama ni nyingi. Kulikuwa na picha nyingine ya kahawia tupu, mbaya, kama kutu ya mabati, hiyo sikuiuliza. Na nikiichora ile ya kwanza kwenye leso ntakuwa nimefanya vibaya? Zote nilizipiga na simu."

Waaleikum salaam dadangu, na pole sana kwa ya mama, Mola amjaalie shifaa ya haraka. Kwanza nikurekebishe kidogo, mimi si daktari, mimi ni fundi wa maabara, yaani kile kinyama kikitoka kwa mgonjwa kikaletwa kwetu ndo mimi nnayekikata na kukitia rangi, miaka 20 na kitu sasa hiyo ndo kazi yangu hapa Mombasa. Anayekisoma na kuandika majibu ni patholojisti, huyo ndo daktari hasa. Nakwambia mapema ili ujue wapi naongea kitu nilichokishika kwa mikono yangu na wapi ntakwambia rudi hospitali ukaulize wenyewe.

Umeuliza mambo mengi lakini nikisoma naona linalokunyima usingizi ni lile maashallah lililokutoka, unahisi kama umemsaliti mamako, jicho limependa kitu kinachomuumiza. Hilo ntalifikia. Lakini wacha nianze na rangi manake ukishajua zimetoka wapi hilo lingine litapungua uzito lenyewe.

Wewe mchora hina, kwa hivo nusu ya kazi yangu waijua tayari. Bibi harusi akija ukampaka hina ya bakuli moja, siku moja, akakaa nayo saa zile zile, kiganjani yatoka imekoza mpaka yakaribia weusi na huku juu ya mkono yatoka rangi ya chungwa. Hina ni ile ile, haikubadilika. Ngozi ndo tofauti, ya kiganja ni nene kwa hivo yashika rangi zaidi. Sasa mtu asiyejua akiangalia mkono wa bibi harusi akasema hapa penye weusi ndo pana ugonjwa, si utamcheka? Basi picha ya mama ni mkono uliotiwa hina. Rangi yakwambia imeshika wapi, haikwambii kama pale iliposhika ni pazuri ama pabaya.

Kile kinyama kilipotoka kwa mama hakikuwa na pinki wala zambarau. Kinakuwa kipande chembamba kama tambi, cheupe cheupe chenye umanjano wa mafuta, kimetiwa kwenye kichupa cha fomalini kisioze. Kikifika kwetu kinapitishwa kwenye spiriti kikaushwe maji yote, halafu kinazamishwa kwenye nta ya moto, nta ikiganda ushapata kibonge ambacho kinaweza kukatwa. Hapo naweka kibonge kwenye mashine ya wembe, mikrotomu, nazungusha mkono taratibu, kila mzunguko unatoa kipande cha mikroni 4 hivi. Unywele wako mmoja una unene wa kama mikroni 70, kwa hivo kata unywele kwa upana wake mara 15 na zaidi ndo upate huo unene. Vipande vinatoka vimeshikana kama utepe, nauteremsha utepe juu ya beseni la maji ya uvuguvugu unaelea, unajikunjua wenyewe, unang'aa kama magamba ya dagaa, halafu naingiza kioo chini yake nakinyanyua. Mkono ukitetemeka kipande kimejikunja, anza upya. Kuna siku za kaskazi jua kali feni mbovu, pumzi yako tu yatosha kukupeperushia kazi ya nusu saa.

Na kipande hicho ukikiweka chini ya hadubini hivo hivo bila rangi huoni kitu cha maana, ni kama kutazama ukungu. Ndo maana ya kutia rangi. Rangi ya kwanza inaitwa himatoksilini, inatoka kwenye mti, mti wa kweli wa huko Campeche Meksiko, magogo yake yalikuwa yakipelekwa Ulaya kutia nguo rangi miaka mingi sana kabla watu wa maabara hawajaiiba. Na peke yake haishiki vizuri mpaka uitie shabu. Shabu hii hii unayoijua, ya kinyozi. Wale kina mama wanaotia rangi ukindu wa mikeka wanajua kila rangi ina kitu chake cha kuishikisha, sisi cha kwetu ndo shabu. Ikichanganyika na shabu inapata chaji upande mmoja, na kiini cha seli kwa sababu kimejaa DNA kina chaji upande wa pili, basi vinavutana kama sumaku, kiini kinanywa rangi. Kikitoka hapo kiko wekundu wekundu, unakipitisha kwenye maji ya bomba na mbele ya macho yako kinageuka buluu ya zambarau. Miaka yote hii na bado nikifika hatua hiyo natazama. Halafu yafuata eosini, hiyo ndo pinki, yenyewe ina chaji ya kinyume kwa hivo inakwenda kwenye proteini, yaani mwili wa seli na zile nyuzi nyuzi zinazoshikilia nyama pamoja.

Kwa hivo jibu la swali lako la kwanza, rangi ni za kweli, hakuna kompyuta iliyozitia, ziko pale kwenye kioo na ukikiinua juu ya dirisha utaona kwa macho yako kidoa cha pinki. Lakini si rangi za mamako. Ni za mti wa Meksiko na chupa yetu.

Na zile nyumba nyeupe za sega la nyuki? Mafuta. Titi lina mafuta mengi, na zile dawa tunazopitisha kinyama zinayayeyusha yote yakaisha, kinachobaki ni kuta. Unaangalia nyumba ambazo wenyewe wamehama.

Sasa zambarau. Hapa ndo unielewe vizuri manake najua umekaa usiku unakuza picha kwenye simu unahesabu zambarau. Wacha. Kila seli karibu zote mwilini ina kiini, ya afya ina, ya ugonjwa ina, na kila kiini kitakunywa himatoksilini. Penye seli nyingi zilizobanana patakuwa zambarau hata kama hapana shida yoyote. Tukikata mafindofindo ya mtoto aliyetolewa kwa sababu anakoroma tu yanatoka zambarau kuliko picha ya mamako, kwa sababu yamejaa seli za ulinzi ambazo ni kiini kitupu, mwili wake haufiki hata nusu. Na hizo hizo seli za ulinzi zinaweza kuwa ndo zimejaa kwenye picha yenu, zimekuja kupigana. Mimi siwezi kujua, wewe huwezi kujua, na zambarau haiwezi kutwambia.

Anachotazama patholojisti ni mpangilio. Nikueleze kwa leso kwa sababu wewe ndo mtu wake. Leso ina pindo, ina mji, ina jina, na kila kitu kina mahali pake, pindo halihamii katikati. Titi zima nalo liko hivo, mifereji ya maziwa imezungushiwa safu mbili za seli, ya ndani na ya nje, na nje yake kuna ukuta, ukiukata mfereji kwa upana unaona pete safi kabisa. Kwenye saratani iliyovuka ukuta seli zimetoka kwenye pindo zimeingia mjini, zinatembea kwenye zile nyuzi za pinki moja moja ama kwa makundi. Kisha anauliza vitu vitatu: bado zinajaribu kutengeneza pete ama zimesahau kabisa, viini vyake vinafanana ama kimoja kikubwa kimoja kidogo kimoja kimepinda, na ni ngapi anazikuta ziko katikati ya kugawanyika. Kila kimoja anakipa alama 1 mpaka 3, anajumlisha, jumla inakuwa kati ya 3 na 9 na hiyo ndo inayompa daraja la saratani, la 1, la 2 au la 3. Kwenye ripoti ya mama mtaikuta. Na daraja si sawa na kuenea, watu wengi wanachanganya, daraja ni tabia ya seli, kuenea kunajulikana kwa vipimo vingine kabisa kama kukagua tezi za kwapani na kupiga skani. Hakuna picha moja ya kinyama cha titi inayoweza kukwambia imefika wapi.

Haya, ile ya kahawia, ile uliyoiona mbaya kama kutu. Hiyo ndo ningetaka uiulize kuliko zote! Kahawia ile haitokani na rangi za kawaida, ni kipimo. Tunachukua kingamwili ambayo imetengenezwa kushika proteini moja tu, tunaimwaga kwenye kipande, kama hiyo proteini ipo inaing'ang'ania, halafu tunatia dawa ambayo palipo na kingamwili pekee inaganda kahawia. Penye kahawia ndo jibu ni ndiyo. Kwenye titi kwa kawaida tunaulizia vitu vitatu, vipokezi (yaani proteini zinazopokea homoni) vya estrojeni, vya projesteroni, na kingine kinaitwa HER2. Hivi viwili vya kwanza vinakaa kwenye kiini kwa hivo utaona vitone vya kahawia, HER2 yenyewe inakaa kwenye ngozi ya seli kwa hivo ikiwa nyingi unaona kimia, kama shela ya kimia. Seli zenye vipokezi vya homoni kwa wingi mara nyingi zinaweza kutibiwa na vidonge vya kuzuia homoni, mgonjwa anameza nyumbani, na HER2 nayo ina dawa zake. Kwa hivo picha uliyoiona chafu kuliko zote pengine ndo iliyobeba habari ambayo mngeshukuru kuisikia, na ile nzuri ndo iliyoleta msiba. Nasema pengine. Inategemea kilikuwa kipimo gani na kimetoka vipi, wakati mwingine kahawia hiyo ni ya kipande cha mfano tu tunachoweka pembeni kuhakikisha dawa zafanya kazi. Rudini mukaulize.

Basi tuje kwenye maashallah.

Mwaka wangu wa kwanza nilikata kinyama cha jicho. Nilipoweka slaidi chini ya hadubini nikaona viduara viduara, kila kimoja seli zimejipanga kuzunguka kitundu kidogo kama asumini lililofunguka, na mengi, yamejazana kama kikuba. Nikamwita mwenzangu, njoo, njoo uone kikuba. Tukatazama kwa zamu tukicheka. Halafu nikageuza fomu nisome, mtoto, umri miaka 2. Jicho lote lilikuwa limetolewa. Yale maua yana jina kwenye vitabu, ni alama ya saratani ya jicho ya watoto, na hata hao madaktari waliyaita kwa jina la ua. Nilishindwa kula siku hiyo. Mzee aliyekuwa akinifundisha aliniona nimekaa, akachukua slaidi akaitazama muda mrefu, akasema tu umekata vizuri, ungekata vibaya yasingeonekana na mtoto asingejulikana ana nini. Akaondoka.

Kwa hivo nikikwambia huna roho ya jiwe sikubembelezi. Jicho limeona mpangilio, wewe umelifundisha miaka yote hiyo kupenda mpangilio, na lilisema kabla akili haijaambiwa ni nini. Ulipoambiwa uliacha kusema. Dadako mwambie hivo hivo. Na hii si leo wala jana, kuna Mhispania Santiago Ramón y Cajal, alipokuwa mdogo alitaka kuwa mchoraji, babake aliyekuwa mtu wa udaktari akakataa katakata akamsukuma kwenye tiba, mwisho wake akaenda kuchora seli za ubongo kwa wino maisha yake yote na michoro ile mpaka leo watu wanaitundika ukutani. Rangi aliyotumia ilivumbuliwa na Muitaliano Camillo Golgi mwaka 1873, ni ya madini ya fedha, na ina kasheshe moja, inashika seli chache sana kati ya zote, hizo zinatoka nyeusi tii na matawi yake yote kama mbuyu wa kiangazi usiokuwa na majani. Ingeshika zote ungeona giza tupu. Mwaka 1906 wakapewa Nobel pamoja na walikuwa hawakubaliani hata siku ya tuzo, Golgi akisema ubongo ni wavu mmoja ulioungana, Cajal akisema kila seli ni ya peke yake. Rangi ile ile, kila mtu na usomaji wake. Cajal ndo aliyekuwa sahihi.

Sasa zile za korona ni kitu kingine. Ile mpira ya kijivu yenye miiba myekundu iliyokuwa kila mahali mwaka 2020 hata si picha, ni mchoro, wachoraji wawili wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, Alissa Eckert na Dan Higgins, waliutengeneza kwenye kompyuta kwa kufuata yanayojulikana kuhusu umbo la kirusi. Picha halisi za virusi zinapigwa na hadubini ya elektroni na zote, nasema zote, zinatoka nyeusi na nyeupe. Sababu yake hii hapa. Simama pwani Nyali maji yakijaa, wimbi likikutana na kijiti cha mvuvi kilichochomekwa mchangani linapita tu kana kwamba hakipo, likikutana na mwamba linavunjika na wewe ukiwa mbali unajua pale pana mwamba. Mwanga nao ni mawimbi, tunaouona sisi urefu wake ni kati ya nanomita 400 na 700, na kirusi cha korona ni kama 100 tu. Ni kijiti. Mwanga unapita. Kwa hivo wanatumia elektroni ambazo mawimbi yake ni madogo mno, lakini rangi ni habari ya mwanga, ukiuacha mwanga umeiacha na rangi. Kuuliza kirusi kina rangi gani ni kama kuuliza adhana ina rangi gani. Hizo za kijani na machungwa unazoziona mtu amekaa kwenye kompyuta akazipaka, mara nyingi ili kutenganisha kirusi na seli, na si uongo madhali amesema.

Halafu kuna za kundi la tatu, zinazowaka kama taa za harusi, kijani kwenye weusi. Hizo ni mwanga wa kweli. Asili yake ni konyeza, huyu huyu anayetuwasha tukioga bahari lakini wa aina ya Pasifiki ya kaskazini, Mjapani Osamu Shimomura alivua maelfu yao kwa wavu, mwaka 1962 akaandika kuhusu proteini yao inayong'aa kijani. Baadaye wakaweza kuitia hiyo proteini kwenye seli za wanyama wengine ili sehemu unayoitaka iwake kijani ikimulikwa kwa mwanga wa buluu, ikaleta Nobel ya kemia mwaka 2008 kwa watu watatu, yeye mmoja wao.

Uongo wenyewe uko kwingine. Mwaka 2016 mwanasayansi Elisabeth Bik na wenzake walitoa hesabu, walipitia makala za utafiti 20,621 picha kwa picha kwa macho yao, wakakuta karibu 4 katika kila 100 zina picha zenye walakini, kipande kimenakiliwa kikabandikwa pengine kikapewa jina jingine, nyingine makosa nyingine makusudi. Kuongeza mwangaza picha nzima hakuna neno, kufuta doa moja lisilokupendeza ndo wizi. Na uzuri pia unadanganya bila mtu kukusudia. Ua zuri kuliko yote nililowahi kuliona kazini, msalaba mweupe unaong'aa kwenye weusi, lilikuwa unga wa glavu zangu ulioangukia slaidi. Wanga wa mahindi, dadangu.

Tuje kwa leso. Wazo lako si geni, mwaka 1951 kwenye maonyesho makubwa ya Uingereza mwanasayansi Helen Megaw aliwashauri watengenezaji wa vitambaa, karatasi za ukutani na vyombo watumie michoro ya fuwele zilizopigwa eksirei, insulini ikawa karatasi ya ukutani na himoglobini, ile ya damu, ikawa kitambaa. Sasa insulini haina mamake. Kinyama hiki kina mwenyewe na yu hai, yu nyumbani, kwa hivo wa kuulizwa ni yeye, wala si mimi wala dadako. Muulize siku ametulia, na usimuulize kama mtu mwenye order ya watu, akisema hapana iwe hapana na usirudie. Hizo picha kwenye simu usizisambaze, angalia pembeni kama kuna namba ya maabara ama jina, sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inahesabu habari za afya kama nyeti. Hata mama akikubali mimi kwa ushauri wangu nisingechapisha picha yenyewe, ningechora kwa mkono kutoka kwayo, ukichora unachagua na ukichagua inakuwa yako. Ama achana nayo kabisa uchore titi zima lenye afya, zile pete za mifereji zakaa kwenye pindo utafikiri zilitengenezewa leso. CDC wana maktaba ya picha mtandaoni, nyingi hazina hakimiliki ila soma maelezo ya kila moja. Ukitaka kitu cha hapa kwetu tafuta vimelea vya malaria vilivyotiwa rangi ya Giemsa, kichanga chake ni pete yenye kito chekundu na mkubwa wake ni hilali. Utapata pindo na mji hapo hapo. Jina la leso utafute mwenyewe, mimi si mtu wa mafumbo.

La mwisho ni mama na hili nalisisitiza. Usimtumie mtu picha hizo kwa WhatsApp akusomee, hata mimi usinitumie, simu inajiongezea rangi yenyewe na hakuna patholojisti mwenye akili atakayesema kitu juu ya picha ya skrini iliyopigwa na simu. Mkitaka daktari wa pili aangalie, ni haki yenu, ombeni vioo vyenyewe au kibonge cha nta vipelekwe. Rudini kwa yule daktari na mama akiwepo kama anataka kuwepo, na ripoti mkononi, muulize daraja ni la ngapi, vile vipimo vya kahawia vitatu vimetoka vipi kimoja kimoja, vipimo vya kuangalia kuenea ni lini, na nani atakayepanga matibabu. Msikae wiki nyingine kwa sababu ya kuogopa kuuliza. Na wewe na dadako jitajeni pia, mwambieni daktari mama alipatikana na ugonjwa akiwa na umri gani na kama kuna shangazi au khaloo aliyewahi kuugua, atawaambia kama nanyi mwanze kupimwa mapema. Usingizi nao ukiendelea kukukimbia ama ukijikuta hina zimekushinda kushika, mwambie, hospitali kubwa zina washauri wa mambo hayo.

Na lile duara jeupe juu kabisa, la mwezi, ukija kuchora liache. Kama lina ukingo mweusi mweusi ni hewa, imebaki chini ya kile kioo cha kufunikia, aliyekibandika alikuwa na haraka. Nshafanya hivo mara nyingi tu.